Mwenyekiti na Moshi wa Pilipili

Sijui ni nani aliyemchagua mara ya kwanza. Nilipoletwa kufundisha katika shule ile ya mpakani mwa msitu, juu kabisa ya Githongo, kahawa inapokoma na majani chai kuanza, nilimkuta tayari ni Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji. Alikuwa mwenyekiti wa josho ambalo halikuwa limeona ng'ombe tangu zamani. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi shuleni kwetu, ingawa mtoto wake wa mwisho alishaoa na kuhamia mjini Meru. Hata mkewe alimwita hivyo. Nilimsikia siku moja akiita kutoka jikoni, "Mwenyekiti, chai inapoa!" na mzee akaitika kwa sauti yake ya kikaoni, nzito na ya polepole, kisha akamaliza kwanza aliyokuwa akiniambia.

Mimi ni mtu wa Embu. Kimeru changu kinatosha kusalimia, kununua viazi na kujua ninaposengenywa, basi. Kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili miaka yote tuliyokuwa majirani, mimi kile cha darasani, yeye kile cha baraza la chifu. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita Mwenyekiti, na sasa ninapoandika haya nagundua kwamba jina lake la ubatizo sikuwahi kulitumia hata mara moja. Sitaanza leo.

Alipenda vikao kuliko chakula. Ungemuuliza kama mvua itanyesha, naye angekuuliza wengine wanasemaje. "Mimi sina maoni," alikuwa akisema, "mimi niko na kikao." Ndama wa jirani yetu Kirimi alipotumbukia kwenye shimo la choo lililokuwa likichimbwa, Mwenyekiti alifika wa kwanza, akasimama ukingoni, akaomba watu watoe mapendekezo. Ndama analia, Kirimi analia, mzee anauliza nani anaunga mkono pendekezo la kamba. Vijana walimtoa ndama yeye akiwa bado anahesabu mikono. Hakuona aibu. Aliwashukuru kwa kutekeleza azimio.

Tulimcheka sana, lakini hakuna aliyetaka kumwondoa, na sababu ilikuwa moja. Jambo likiharibika, Mwenyekiti hakutafuta wa kumsukumia. Bomba la maji lilipopasuka na kusomba maharagwe ya mjane mmoja, yeye ndiye aliyekwenda kuomba msamaha, yeye ndiye aliyeshika jembe kupanda upya, ingawa bomba lilipitishwa pale kwa kura na yeye alikuwa upande wa walioshindwa. Nilimwambia hilo halikuwa lake. Akasema kama si lake, basi uenyekiti ni wa nini. Nikarudi kusahihisha vitabu vyangu.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Mzee wa kanisa, na mahubiri yalimpitia usingizini. Alilima viazi na hakuvila, alisema alivimaliza vyote utotoni. Aliogopa mbwa, hata kile kijibwa cha shule kisicho na meno, lakini ndovu akiingia shambani mwa mtu, Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kumwendea, na gambuti zake na koti la kahawia na filimbi ya refa aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimkemea kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini asimkemee kwa Kimeru. "Huyu ni mnyama wa serikali," akasema bila kucheka. "Kimeru atajulia wapi?"

Tunacheka, lakini ndovu si mchezo kule. Hushuka kutoka msituni mahindi yanapokomaa, na ua wa stima uliowekwa kuwazuia ulikuwa umelala chini sehemu nyingi. Shamba la msimu mzima linaliwa likaisha, mwenyewe yuko ndani ya nyumba anasikiliza. Mzee mmoja wa chini ya shule aliuawa akirudi kutoka kukamua. Baada ya kumzika, ndipo Mwenyekiti alipotuletea moshi.

Alikuwa ameuona upande wa Laare, au alisimuliwa tu, maelezo yake yalibadilika kila mara. Unachukua mavi ya ng'ombe mabichi, unayachanganya na pilipili kali iliyopondwa, unayafinyanga matofali, unayaanika. Ukiyachoma hayatoi miali, yanatoa moshi tu, mzito, mweupe, unaowasha macho na koo. Ndovu hawauwezi. Watu pia hawauwezi, lakini watu wanajua kufunga mlango. Kila nyumba iliyopakana na msitu iliweka rundo lake chini ya kipande cha bati. Shule pia ilikuwa na lake, ukingoni mwa uwanja wa mpira, maana uwanja wetu ndio mahali pekee palipokuwa pana na tambarare katika mteremko wote ule.

Halafu kulikuwa na helikopta. Watu wa wanyamapori walikuja nayo mara kwa mara kuwarudisha ndovu juu. Inazunguka chini chini, inapiga kelele, inakwenda, inarudi. Shida ni kwamba ndovu wakishtuka hukimbilia popote, na popote palikuwa mashambani mwetu. Kikao kikaitwa. Tulikubaliana kwamba helikopta ikisikika, Mwenyekiti apulize filimbi, na kila mwenye rundo aliwashe papo hapo, ili ndovu wakute ukuta wa moshi wapande badala ya kushuka. Nilikuwepo, nikainua mkono kama wengine wote. Lilikuwa wazo zuri na lilifanya kazi. Msimu ule tulivuna.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa ya manyunyu yasiyo na mwisho, na ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Kutoka mlangoni mwa darasa langu sikuweza kuuona mlingoti wa bendera. Watoto walikuwa wameshakula chakula cha mchana, wanasinzia, niliposikia helikopta. Ilipita, ikaenda, ikarudi. Ikazunguka tena, chini zaidi. Watoto wakaamka wakapiga madawati, "Ndovu! Ndovu!" Halafu nikasikia filimbi.

Mzee yule hakuwa na kosa lolote kufikiri alivyofikiri. Nitalisema hilo mbele ya yeyote. Katika miaka yote ile hakuna helikopta iliyowahi kuzunguka juu yetu kwa jambo jingine. Marundo yakawashwa, moja baada ya jingine kandokando ya msitu, na mlinzi wa shule akawasha letu. Siku ya jua moshi ule hupanda. Siku ile haukupanda. Ulilala juu ya uwanja, ukachanganyika na ukungu, ukaingia hata darasani tukaanza kukohoa. Na helikopta ikaja juu yetu kabisa. Mabati yalitetemeka. Ilisimama hewani mahali pamoja, juu ya uwanja ambao mimi niliyekuwa pembeni mwake sikuuona, na ilisimama kwa muda ambao helikopta ya ndovu haisimami. Kisha ikainuka ikaelekea upande wa mlima. Tukasikia kishindo. Baada ya hapo hatukusikia kitu, na watoto wote walikuwa wakinitazama mimi.

Mwenyekiti alikuwa miongoni mwa waliofika kwanza kule juu. Alirudi jioni na tope mpaka kifuani. Ilikuwa ndege ya jeshi, alisema. Wote waliokuwamo wamekufa. Hakukuwa na ndovu hata mmoja. Alisimama mlangoni pa jiko langu, hakutaka kuingia, akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulikuwa hapo. Hiyo ndege ilikuwa inatafuta nini kwa uwanja?"

Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba ninalijua. Nilimpa chai. Aliishika tu.

"Ilikuwa inataka kutua," akasema. "Na mimi nikafunika uwanja."

Nilimwambia ukungu ulikuwapo kabla ya moshi. Nilimwambia habari za mlingoti wa bendera. "Wewe ulikuwa chini," akanijibu. "Wao walikuwa juu. Pengine ukiwa juu kulikuwa na mahali unaona kijani kidogo." Pengine. Neno hilo lilimla mzee yule akiwa hai. Hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia kama kijani kile kilionekana au hakikuonekana, maana walioweza kusema walikuwa ndani ya ndege.

Baada ya siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mtu mwenye haki ya kumhukumu amsikilize mpaka mwisho, kisha amwambie, ni wewe, au si wewe. Msamaha hakuutaja. Nadhani angeona aibu kuuomba kabla ya kujua kama ana deni.

Alianza na wanajeshi, waliokuwa wamepiga kambi uwanjani kwetu. Mimi pia waliniita kuniuliza nilichosikia, kwa hiyo nilikuwepo alipompata mkubwa wao. Alikuwa afisa kijana, mstaarabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza nusu.

"Mzee, hiyo ni weather, ni hali ya hewa tu," akamwambia. "Hakuna mtu anakulaumu. Enda nyumbani upumzike."

"Afande, mimi ndio nilipuliza filimbi."

"Filimbi haiwezi kuangusha ndege, mzee wangu."

"Si filimbi, afande. Ni moshi. Filimbi ni ya kuita moshi."

"Sawa. Tumeskia. Asante sana."

Akamshika bega kwa heshima akamsindikiza hadi langoni. Kama angemfunga pingu, naamini Mwenyekiti angelala usingizi siku ile.

Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia ni mpango wa Mungu. "Mungu alitaka filimbi yangu?" mzee akauliza. Alikuwa anataka kujua kweli, hakuwa anabishana, lakini mchungaji alibadilisha maneno akaomba. Mwanawe alikuja kutoka mjini akamkataza kulizungumza kabisa, kwamba atamalizia uzee wake kortini. Na Kirimi, ambaye kwa kawaida hana neno na mtu, alimfuata njiani akamfokea mbele yangu.

"Unataka polisi watubebe sisi sote? Kila mtu hapa aliwasha yake! Bibi yangu aliwasha! Hata shule iliwasha, uliza Mwalimu. Wachana na hiyo maneno, Mwenyekiti. Si tunakuomba?"

Kirimi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, nami niliogopa pia. Matofali yote ya pilipili yaliyobaki yalitupwa kwenye mashimo, vipande vya bati vikarudishwa kwenye mapaa ya vibanda vya kuku, na neno moshi likatoka midomoni mwa watu. Ukisikia mtu analalamika jikoni kwamba kuni mbichi zinamsumbua, unamwona anameza neno katikati. Tulikuwa kijiji kizima cha watu wanaotazama chini.

Basi akaitisha kikao. Nani angetarajia lingine? Alipita nyumba kwa nyumba, akawaambia wote wakutane kwenye banda la kupimia majani chai, na jambo la kuzungumza ni moja tu, yeye mwenyewe. Siku hiyo watu walipima majani yao, wakajitwika vikapu vitupu, wakaondoka. Wengine walimpita karibu kiasi cha kumgusa koti. Tulibaki mimi na mkewe kwenye benchi, na yeye amesimama mbele yetu. Alingoja. Aliendelea kungoja mpaka karani wa banda akafagia, akafunga, akaenda zake. Ndipo mzee akavua kofia, akafungua kwa maombi, akasema kwa sauti ile ile nzito, "Watu hawajatosha kuamua," na akafunga kwa maombi.

Mkewe aliinuka akamshika mkono. "Twende nyumbani, Baba Kinya," akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. Nilitembea nyuma yao nikilia kama mtoto, na sikujali nani ananiona.

Tangu hapo aliacha nyadhifa zote, moja baada ya nyingine, bila hotuba. Ukungu ukishuka, alikuja uwanjani kwetu. Alisimama katikati, akatazama juu. Mwanzoni watoto walimcheka, halafu wakamwogopa, halafu wakamzoea, na hilo la mwisho ndilo lililoniumiza zaidi. Nilikuwa nikifundisha kugawanya sehemu huku ninamwona dirishani, kisha ukungu unamfunika, simwoni tena, najua tu kwamba yuko pale. Mara moja nilimfuata nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anajaribu kuona kama mtu akiwa chini anaweza kujua mtu aliye juu anaona nini. Nilimwambia haiwezekani. "Ndio," akasema, "lakini nikikaa nyumbani inakuwa mbaya zaidi."

Ndovu walirudi. Hakuna aliyewasha kitu. Shamba lake mwenyewe liliingiliwa, na mkewe aliniambia kwamba mzee alilala chali, macho wazi, akiwasikiliza wakivunja mahindi mpaka wakashiba wakaenda. Asubuhi alitoka akatazama mabua, akaenda kukamua.

Sasa hayupo. Nilihamishiwa Embu, karibu na kwetu, na huko ndiko habari zilinikuta. Alilala akashindwa kuamka. Nilirudi kumzika. Walimsifu kwa maji, walimsifu kwa josho, hata hadithi ya ndama ilisimuliwa na watu wakacheka kwa shukrani, maana mazishi ya kule bila kicheko ni mzigo. Helikopta haikutajwa na msemaji yeyote. Nilikaa pale na hasira yangu, nikijua kwamba nikipewa kipaza sauti mimi pia nitasimulia habari za maji.

Lakini ninayemkumbuka si yule wa kwenye jeneza. Namkumbuka siku ile ya kule chini ya Nkubu, kabla sijahamishwa.

Majina ya waliokufa yalikuwa yamesomwa redioni, na mmoja wao alikuwa kijana wa upande huo, aliyeitwa Mwenda. Mwenyekiti alikwenda mazishini mwake. Hakusema na mtu, hakuweza hata kukaribia kwa wingi wa wanajeshi na wakubwa, lakini alimsikia mzee mmoja akitaja ukoo wa marehemu. Ukoo ule na ukoo wake ni gichiaro.

Mimi kama mtu wa Embu ilibidi nielezwe. Kule Meru kuna koo zilizofungwa pamoja kwa kiapo cha zamani ambacho hakuna aliye hai aliyekishuhudia. Mtu wa gichiaro chako huwezi kumdhuru, humdanganyi, na akikuomba kitu humkatalii. Vijana wanalifanyia mzaha. Mwenye bodaboda akigundua abiria wake ni gichiaro humbeba bure huku roho ikimuuma. Waliookoka wanasema ni mambo ya giza, lakini sijamwona hata mmoja akithubutu kuyavunja, maana inasemekana laana yake haipigi aliyekosa peke yake, inarudi kwa watoto, hata wa yule aliyelaani. Mwenyekiti alikaa na jambo hilo kifuani muda mrefu. Hatimaye akaja kwangu. "Nataka kumwona mama yake," akasema. "Nataka uende na mimi. Wewe si wa kwetu na si wa kwao. Nikipunguza maneno, wewe utasema."

Tulimkuta Mama Mwenda barazani kwake, anachagua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mfupi, sweta ya kijivu, kitambaa kichwani, na uso wa mtu aliyechoka kupokea wageni. Mwenyekiti alimsalimia, akataja ukoo wake kabla ya jina. Mama aliweka ungo chini.

"Gichiaro," akasema.

"Ndio, Mama."

"Basi ingia. Siwezi kukufukuza."

Ndani alimpa kiti kimoja, mimi kingine. Mwenyekiti hakuanza kwa hali ya hewa wala habari za nyumbani. Alisimulia yote: ndovu, kikao, matofali, ukungu, helikopta iliyozunguka, filimbi. Alisema kwa Kiswahili ili mimi nifuate, na alipokwama akaingia Kimeru, akarudi. Mama Mwenda hakumkatiza hata mara moja. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika mzee hakujua afanye nini na mikono yake.

"Ilisimama juu ya uwanja?" mama akauliza.

"Ilisimama."

Akanigeukia. "Mwalimu, ni ukweli? Ilisimama?"

"Ilisimama, Mama. Nilisikia."

"Kwa hivyo walikuwa wanajaribu."

"Walikuwa wanajaribu," nikasema.

Kuku aliingia, akatoka. Kisha akamwambia Mwenyekiti, polepole, bila ukali, "Mimi niliambiwa ni weather. Hiyo tu. Jeneza ilikuja imefungwa, nikaambiwa nisifungue, ni weather. Nimekaa na hiyo. Huwezi kuchukia mvua, hiyo mvua ndio inatulisha. Nilikuwa nimeanza kuzoea kukosa mtu wa kuchukia. Sasa wewe umeniletea mtu. Na umeniletea mtu mimi siruhusiwi kuchukia. Nikikulaani itarudi kwa watoto wangu wenye wamebaki. Unaona vile umenifanyia?"

"Naona," Mwenyekiti akasema.

"Hapana. Huoni."

Mzee aliteremka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, na magoti yake yalikuwa mabovu, nilisikia yakilia. "Niambie tu, Mama," akasema. "Sitaki kitu ingine. Ni mimi, ama si mimi?"

Nilitamani aseme lolote. Kama angesema ni wewe, ningemshukuru.

"Sijui," Mama Mwenda akasema. "Mimi sijui, na wewe hutajua. Rudi kwa kiti."

Alirudi. Sijawahi kumwona mtu akikaa namna ile, kana kwamba kiti hakikuwa chake.

"Tangu tumzike," mama akaendelea, "kila mtu akiingia kwa hii nyumba ananiambia ninyamaze. Pastor, dada zangu, hawa watoto. Jikaze, Mama Mwenda. Mungu yuko. Nikianza tu, wananishika. Sasa wewe ni gichiaro. Nikikuomba kitu huwezi kunikatalia."

"Siwezi."

"Mimi nataka kulia. Sijawahi kulia nikamaliza, hata siku moja. Kaa hapo, na usiniambie ninyamaze."

Akalia. Sitajaribu kukieleza kilio kile. Kilianza chini kama mtu anayeguna akiinua mzigo, kisha kikatoka. Mkaza mwanawe alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akasema, "Mama, jamani, Mama," na mama akamwinulia kiganja, akamrudisha alikotoka. Mwenyekiti alikaa wima, mikono juu ya magoti, akimtazama usoni. Hakumgusa. Hakuomba. Hakufumba macho. Mimi nilishindwa. Nilitoka nikasimama chini ya ukingo wa paa, manyunyu yakinipiga miguu, nikiziba masikio, na kilio kikinifikia vilevile.

Mchana ukaanza kuisha. Magari ya kupanda kwetu huwa machache jioni kukiwa na mvua, na mkewe alikuwa peke yake nyumbani. Nilirudi mlangoni. Ndani mwanga ulikuwa umepungua, ng'ombe alikuwa anadai kukamuliwa huko nje, na wao wawili walikuwa palepale nilipowaacha.

"Mwenyekiti," nikamwita kwa sauti ya chini. "Twende. Tutakosa gari."

Hakugeuka.

"Wewe enda, Mwalimu," akasema. "Hajamaliza."